Tupeane uzoefu: Umewahi kumpa mtu kitabu cha historia ya mavazi au cha picha wakati wa Krismasi?

Binti wa Fundi

Wadau, hamjambo. Mama yangu ameshona nguo Kariobangi tangu mimi sijazaliwa. Kila Desemba nampelekea kitu cha jikoni, na kila Desemba kinaishia juu ya kabati kikiwa bado ndani ya katoni. Mwaka huu nataka kumpa kitabu kikubwa cha picha, cha historia ya mavazi, aone kazi ya mafundi wenzake.

Naanza na yangu ili nisije mikono mitupu. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alikuwa chuoni akisomea ubunifu wa mavazi, nikamnunulia kitabu cha washonaji wa Paris. Ndani mlikuwa na picha za mavazi ya kwanza ya Christian Dior, ya Februari 1947: kiuno kimebanwa, sketi pana inashuka chini ya magoti. Akasoma kwamba kuna waliokasirika, na chanzo kilikuwa kitambaa. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi, na Uingereza nguo zilikuwa zikiuzwa kwa kuponi tangu 1941, mpaka 1949. Mtu anahesabu kuponi apate blauzi moja, halafu anaonyeshwa sketi inayomeza mita na mita.

Basi mdogo wangu akatafuta magazeti ya zamani, akayaunganisha kwa gundi sakafuni, akakata duara zima la sketi ile ili aone kwa macho yake ni kitambaa kiasi gani. Sebule ilijaa, Krismasi tukala tumebanana jikoni. Hadi leo kitabu kile kina alama za chaki.

Hicho ndicho nataka kwa mama: kitabu kitakachomfanya ainuke ashike makasi. Nyinyi mlimpa nani, na ikawaje?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Mimi nilimpa baba, akiwa na miaka themanini na moja. Kilikuwa kitabu cha picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Kwa asiyemjua, alifungua studio yake mwaka 1948, na watu wa mji wakawa wanakuja kupigwa picha wakiwa wamevaa kama walivyotaka wao kuonekana. Mwanzoni pazia lake la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Pale studio aliweka saa, kalamu, redio, makoti, hata skuta, na aliyetaka aliazima.

Baba hakuwahi kufika Mali na hakujua Kifaransa. Akafunua kurasa polepole, akafika kwa kijana mmoja mwenye koti na tai, akanyamaza muda mrefu. Nikadhani hajapendezwa. Kisha akasema, "Koti hili ni la studio. Tazama mabega."

Hapo ndipo alipotueleza habari ya studio ya River Road alikopigwa picha mwaka 1963. Koti lilikuwa la mpiga picha, tai pia. Mgongoni koti lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo ili limkae. Suruali ilikuwa yake, nayo ilikuwa na kiraka gotini, ndiyo maana picha inakomea kiunoni. Sisi watoto sita tulikua tukiitazama picha hiyo ukutani, na tulikuwa tukijivunia lile koti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua.

Akatuma mjukuu avute sanduku la bati chini ya kitanda. Tulikaa nalo mpaka saa saba usiku, yeye akitaja jina, mimi nikiandika nyuma ya kila picha kwa penseli: huyu ni nani, ni mwaka gani, nguo alishonewa na nani. Nguo hasa ndizo zilizomkumbusha miaka. Alikuwa akisema, "Hii ni kabla ya harusi ya Njeri, maana gauni hilo alikuja kulikata akamshonea mtoto."

Alitutoka Agosti iliyofuata. Picha zote zina majina.

Dada, ukimpa mama yako kitabu, usimwachie mezani ukaondoka. Keti naye.

Inama wa Tom Mboya

Mimi ni muuzaji, wa wale mnaotuita "inama" kwa sababu mteja lazima ainame kutazama vitabu vilivyotandazwa chini. Vitabu vya mitindo vya jalada gumu vinatufikia mara mojamoja, vingi vikiwa vimeshatumika ng'ambo. Ukikipata, kifungue katikati uone kama gundi ya uti imeachia, maana karatasi nzito huung'oa uti wenyewe. Kinuse, harufu ya ukungu haitoki. Na tafadhali pitia kurasa zote: kuna watu huchana picha nzuri wakaziweka kwenye fremu, ukampelekea mtu zawadi yenye mapengo.

Kipya ni bei nyingine. Nenda Text Book Centre au Prestige pale Mama Ngina uone. Kitabu kizito cha kutoka nje kinaweza kukugonga shilingi elfu nane au zaidi, maana kuna uzito wa kusafirisha na kuna VAT ya asilimia 16. Kama unaagiza, agiza Novemba. Na ukikuta kimefungwa nailoni, omba waifungue. Hununui kiatu bila kukivaa.

Mkwe wa Kajiado

Yangu haikwenda vizuri, ila naileta mtu asirudie.

Nilimpa mama mkwe kitabu kikubwa cha picha za Wamaasai. Kizuri kwa macho, shanga zinang'aa kwenye karatasi. Nilifikiri, nani atakifurahia kuliko yeye? Akafungua, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasoma maelezo chini ya picha, nikamwambia wameandika ni msichana wa Kimaasai. Akauliza, "Wa nani?" Sikuwa na jibu. Ukurasa wa pili, moran. Akauliza jina. Hakuna. Akafika kwa mwingine waliyemwandika msichana, akaweka kidole juu ya mapambo ya shaba. "Huyu amevaa surutia. Huyu ni mke wa mtu. Waliompiga picha hawakumuuliza?"

Hakukasirika. Alikifunga, akakifunika kwa shuka, akanirudishia kwa mikono miwili. Iliniuma kuliko angenifokea.

Sasa kabla sijatoa hela nasoma maelezo ya picha kumi hivi. Kama aliyeshika kamera ana jina na aliyevaa nguo hana, narudisha rafuni. Mwalimu hapo juu ameandika majina usiku kucha. Hicho ndicho yeyo, yaani mama mkwe wangu, alikuwa anadai.

Shangazi wa Eastleigh

@Mkwe wa Kajiado, pole, na umenena. Mimi naongeza: angalieni na hadithi inayosimuliwa.

Nilimnunulia mtoto wa kaka yangu kitabu cha wanamitindo wa dunia, kwa sababu mwanamitindo Iman yumo. Mtoto huyo ana miaka kumi na sita, mrefu, na shuleni wanamsumbua kwa shingo yake. Nilitaka amwone Msomali mwenzake aliyeanzia hapahapa. Iman alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975, mpiga picha Peter Beard akamwona na kumpiga picha. Kisha Beard akawapelekea waandishi wa Marekani hadithi ya uongo, kwamba alimkuta porini na mifugo. Msichana wa chuo, baba yake balozi, anayezungumza lugha kadhaa!

Kitabu kile kilirudia ile ya porini kama ndiyo kweli. Msichana alisoma akaja kwangu machozi yakimlenga, kitabu mkononi. Tukatafuta kalamu. Akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, habari ilivyokuwa, kwa Kisomali na kwa Kiingereza. Kitabu hicho sasa anakipenda kuliko vyote, na marafiki wote wanasomeshwa ukurasa huo kwanza.

Mzaliwa wa Kibokoni

Bibi yangu hasomi Kiingereza, nami nilimpelekea kitabu cha Kiingereza chenye sura ndefu ya leso. Nilichanganya na doti moja kutoka Biashara Street, nikasema asipopenda kitabu atapenda leso.

Alivipenda vyote, lakini kitabu alikisahihisha. Anatazama picha anasema, huyu pindo limekwenda juu, huyu mji, ile sehemu ya kati, haukukaa katikati ya mgongo, huyu jina, yale maandishi ya leso, halisomeki maana amejifunga kinyume, sasa ujumbe anampelekea nani? Nilipomsomea kuhusu Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, akanikatiza: "Si ndiyo Mali ya Abdulla hiyo!" Akafungua kabati, akatoa tatu zenye maandishi hayo, moja ya mama yake, imelainika kama hariri. Hakuna picha kitabuni iliyofikia ile.

Suti za Mzee

Ya kwangu ni fupi. Baba alishona suti za Kaunda maisha yake yote. Novemba 2023 Spika akazipiga marufuku bungeni, na mzee akawa kama mtu aliyefiwa. Krismasi hiyo nikampa kitabu cha picha za viongozi wa Afrika wa miaka ya sitini na sabini. Alipitia kola moja moja. Mishono aliyoona si mizuri aliisema, hata ya marais. Mwaka mpya alirudi kwenye cherehani.

Mpiga Picha wa Harusi

Mimi natoka kidogo nje ya mavazi. Aliyenifundisha kazi nilimpa kitabu cha Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi, alizipigia picha harakati za uhuru wetu, akafanyia kazi majarida ya Time na Life, akauawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Picha zake nyingi zilikaa miaka na miaka ndani ya gereji hapa Nairobi kabla ya jamaa yake kuzipata.

Mwalimu wangu ana miaka arobaini kwenye hii kazi na hakuwa anamjua, wala mimi sikuwa namjua mpaka juzi. Alikaa kimya, kisha akaenda stoo, akaanza kupanga negativu zake kwenye bahasha kwa mwaka.

Mwanafunzi wa Mavazi

Kuna mtu amekitaja cha hapa kwetu? The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, walitoa mwaka 2017 kitabu kinachoitwa *Not African Enough*, cha wabunifu wa mavazi wa Kenya wanaochoka kuulizwa kwa nini hawatumii kitenge. Mimi nilipewa na shangazi. Mara ya kwanza kuona jengo ninalopita na matatu likiwa ndani ya kitabu cha mitindo ni hapo.

Binti wa Fundi (28 Desemba)

Nimerudi na majibu, na asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Nilichagua kitabu kilichoandamana na maonyesho ya mavazi ya Afrika yaliyofunguliwa jumba la makumbusho la V&A mjini London mwaka 2022. Nilikagua majina ya picha kama Mkwe alivyosema. Nikaketi naye kama Mwalimu alivyosema. Chai ikapoa.

Alisimama kwa Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Huyu mama alichukua iro, nguo ya kujifunga ya Wayoruba, akaigeuza kuwa sketi ya zipu, na kilemba akakishona kikiwa kimeshafungwa, mtu anavaa tu na kwenda kazini. Mama aliposikia hivyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zipu ameiweka upande au nyuma?"

Nikatafuta. Nikafunua mbele na nyuma. Hatukuiona. Akaanza kupita kitabu kizima toka mwanzo, na kila ukurasa analalamika: "Wamempiga mbele tu. Huyu naye mbele. Mgongo wa hii nguo uko wapi? Bitana je?" Nilikuwa sijawahi kufikiria. Miaka yote hii natazama picha za mavazi kama anayevaa, yeye anazitazama kama atakayeulizwa bei ya kushona.

Jana amekata karatasi mbili, moja zipu iko upande, nyingine nyuma, na amezibandika ukutani karibu na cherehani.

Sasa natafuta kitabu cha pili. Mwenye kujua kinachoonyesha nguo kwa nyuma na ndani ya mshono, aniambie. Siku yake ya kuzaliwa ni Machi.