Mafundi wa blogu, plagini 34 za nini? Mmetuchosha!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Mods mkiona uzi hauko jukwaa lake, uhamisheni tu ila msiufute.

Mie ni mtembeza wageni hapa Tanga. Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na Pangani kwa anayetaka kulala hukohuko. Mwezi wa tatu nikaamua kufungua blogu ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), niwe naandika habari za sehemu hizi kwa Kiswahili. Si duka wala benki. Maandishi, picha na namba ya simu. Nikampata fundi mmoja, jina simtaji. Akataka laki mbili na nusu, nikampa taslimu. Baada ya siku tatu ananikabidhi huku kifua mbele: "Mzee, nimekuwekea plagini zote za lazima."

Plagini ni vile vijiprogramu vya kuiongezea WordPress kazi. Thelathini na nne! Jana nimezihesabu kwa kidole.

Sisi Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo. Kwa blogu yangu mgeni alikuwa anaondoka kabla hajaja. Nilikaa barazani na simu ya mke wangu, bando lake la kawaida, nikaifungua, nikaenda ndani kumimina chai. Narudi, ukurasa mweupe kama sanda.

Sasa hizo "za lazima". Plagini za keshi ziko mbili, W3 Total Cache na LiteSpeed Cache, na zote zimewashwa. Kazi ya keshi ni kuweka ukurasa ulioiva ili seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu, isianze kupika upya kila mgeni anapopiga hodi. Moja inatosha. Ukiweka mbili zinavurugana, mabadiliko unayofanya leo msomaji hayaoni, na wewe unabaki kulaumu mtandao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tena hiyo keshi ya kurasa ya LiteSpeed Cache imetengenezwa kwa ajili ya seva za LiteSpeed, wakati hostingi (nafasi ya kwenye seva) aliyoninunulia yeye mwenyewe ni ya Apache, aina nyingine ya seva. Za ulinzi ziko tatu, kila moja inakagua mafaili kwa wakati wake kama migambo walionyimwa ratiba. Elementor, ya kupangia sura ya kurasa, ipo, na hakuna ukurasa hata mmoja uliopangwa nayo. Plagini ya ramani ya tovuti (orodha ya kurasa kwa ajili ya Google) na ya kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie pia zipo, ilhali mambo hayo mawili WordPress inayafanya yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Kichekesho ni Hello Dolly. Hiyo ni ya kuonyesha mstari wa wimbo wa zamani juu ya dashibodi, basi, haina kazi nyingine duniani. Nayo kaiwasha! Kaihesabu katika za lazima!

Hayo ningemsamehe. Lililonichoma ni hili: mojawapo ilikuwa ya kulipia, naye kaitoa kwenye tovuti za kuchakachua. Wiki iliyopita mteja wa Arusha ananiuliza, "Kaka, siku hizi unauza kamari?" Naingia Google, natafuta jina la blogu yangu, nakutana na kurasa za kamari kwa lugha hata siijui. Nafungua orodha ya watumiaji, kuna msimamizi wa pili nisiyemjua. Plagini iliyochakachuliwa ni kama petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, gari linaondoka vizuri tu kituoni, linakuzimikia mbele ya safari.

Nikabonyeza sasisha zote kwa pamoja (hapo kosa ni langu), blogu ikafa kabisa. WordPress tangu toleo la 5.2 ikikwama namna hiyo hujaribu kumtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Nikasubiri wee. Kumbe barua pepe ya msimamizi kaandika ya kwake! Simu hapokei. Bekapu? Ipo, ila kaihifadhi kwenye seva ileile, yaani funguo ya akiba kaitundika ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kilichoniokoa: niliingia kwenye mafaili kupitia akaunti ya hostingi, ndani ya wp-content nikaibadilisha jina folda ya plugins. Zote zikazimika, dashibodi ikafunguka. Nikairudishia jina lake, kisha nikawa nawasha moja moja mpaka saa nane usiku. Yule msimamizi hewa nimemfuta, nywila zote nimebadilisha hadi ya hostingi, mafaili ya WordPress nimepakua upya.

Nimebaki na nne. UpdraftPlus, nayo inatuma bekapu Google Drive na si humohumo. Akismet ya kuzuia takataka kwenye maoni, ambayo ni bure kwa blogu binafsi isiyo ya biashara, kwa hiyo mie mwenye wateja itabidi nilipe au nihamie Antispam Bee. WP Super Cache ya keshi. Na Wordfence ya ulinzi, baada ya yaliyonikuta. Watu wa Yoast (plagini inayowasha taa ya kijani makala ikiwa tayari kwa Google) msinirukie, nitaiweka nikiwa na makala za kutosha. Kwa sasa nina sita, taa za kijani zitanisaidia nini?

Na siku hizi kabla sijapakua naangalia kwenye ukurasa wa plagini ilisasishwa lini na imejaribiwa hadi toleo gani la WordPress. Dakika mbili tu. Fundi aliyekula laki mbili na nusu hakuwa nazo.

Wenye uzoefu naomba msaada: zile kurasa za kamari nimeshazifuta lakini Google bado inazionyesha. Nifanyeje ziondoke haraka? Msimu wa wageni unakaribia.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Fundi kapatikana. Hajauliza blogu inaendeleaje. Anakumbushia elfu arobaini ya "matengenezo ya plagini" ya mwezi huu.