Loji ya Moshi imenitoza elfu 25 kwa usiku "umeme wa gari", kufuata waya nakuta njiti ya kiberiti kwenye soketi

Wakuu, habari za usiku. Naandika nina hasira, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Jina la loji silitaji, msinifuate faragha kuniuliza. Ninachotaka ni wenye loji na kambi humu wasome, maana najua mpo.

Mimi na kaka tulinunua Coaster iliyochoka, tukang'oa viti, tukaipeleka kwa mafundi Unga Limited pale Arusha wakaigeuza nyumba. Ina kitanda, sinki, friji ndogo, kiyoyozi cha dirishani na betri mbili chini ya benchi. Wazungu wanakuja na magari ya namna hii kila siku kupitia Namanga, sisi tumejitengenezea la kwetu. Sababu ni Desemba. Mchaga yeyote humu anaijua Desemba: nyumba ya wazee kule Kibosho inalaza watu hadi jikoni, na ukifika umechelewa unalala umekaa. Coaster yenyewe haiingii njia ya kihambani, kwa hiyo nikaona niegeshe Moshi mjini, mchana tupande kwa wazee kwa daladala, usiku turudi kulala kwetu.

Sasa sikilizeni gari linavyochukua umeme, maana meneja amenifanya kama vile nimekuja na mashine ya kusaga. Ubavuni kuna plagi ya bluu ya duara, pini tatu, ampia 16, ile wanayotumia kwenye kambi za Ulaya. Nina waya wangu wa mita 25, unene wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi ndani, yaani waya wa tatu wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Upande wa pili nimefunga plagi yetu ya kawaida ya pini tatu yenye fyuzi ya 13. Penye soketi nzima ya nyumbani, nachomeka na maisha yanaendelea.

Na sidai maajabu. Ampia 13 kwa volti 230 haifiki hata wati 3,000, na hizo si za kukamuliwa usiku kucha, plagi inapata moto. Tulishakaa wiki nzima uani kwa shemeji yangu Sakina, gari linakula kwenye soketi ya sebuleni kwake, na hakuna kilichoungua. Siri yake ni zamu. Jagi la maji peke yake ni wati 2,000, kiyoyozi changu kama 1,000, chaja ya betri 600. Ukitaka chai, kiyoyozi kinazimwa. Mke wangu ameandika hilo kwa kalamu nene juu ya sinki na hana mzaha nalo.

Kabla ya kuja nilipiga simu. "Umeme wa magari upo?" "Upo bosi, mkubwa kabisa." Elfu 25 kwa usiku, mbali na hela ya kuegesha. Nikalipa usiku tatu.

Kufika, sehemu ya magari iko chini kabisa mwisho wa bustani na haina soketi hata ya kuchajia simu. Waya wangu haufiki jengoni. Akaitwa fundi wao, akaja na rundo la waya mweupe begani, ule mwembamba wa nyuzi mbili mnaofungia taa ya mezani. Nikamuuliza ethi iko wapi. Akacheka. "Gari lina matairi ya mpira bosi, ethi ya nini?"

Wakuu, HAPO HAPO ningegeuza gari. Matairi ya mpira ndiyo sababu ya kuhitaji ethi! Bodi ya gari haigusi ardhi, kwa hiyo umeme ukivuja kidogo, hata ule mdogo unaovuja kwenye chaja yenyewe, unakaa kwenye bati unamsubiri mtu mwenye mguu chini. Ndani nina breka ya usalama ya miliampia 30. Ethi ikiwepo, hitilafu ikitokea breka inakata kabla hujagusa kitu. Ethi isipokuwepo, inakusubiri wewe ndiye uwe ethi.

Pembeni yetu alikuwepo Mjerumani mmoja na lori lake la kulala. Alishuka, akachomeka testa yake kwenye waya ule ule, akaitazama, akakunja waya wake taratibu akaurudisha ndani, kisha akatandaza sola zake kwenye nyasi. Mimi nikamwona bahili.

Usiku wa kwanza kiyoyozi kinaunguruma tu, hakiwaki. Kwenye ukuta wa gari nina kijimita cha volti: 186. Nikapanda jengoni na mita yangu, kwenye soketi ya mapokezi inasoma 212. Kwa hiyo volti 26 zinaishia njiani, kwenye mita arobaini za uzi wa taa. Dada wa mapokezi akaniambia "umeme wa Krismasi ndivyo ulivyo, kila mtu amewasha." Umeme wa Krismasi ndiyo ile 212, dada yangu. Hizo 26 ni zenu.

Msiojua, volti zikishuka mota haipunguzi tu kasi ikatulia. Kompresa inashindwa kuanza, inavuta ampia nyingi huku imesimama, inachemka, inajikata, inajaribu tena. Kiyoyozi nilikizima. Friji nikaiacha kwa sababu ndani kulikuwa na nyama ya ndafu tuliyofungiwa nyumbani, na kwa sababu nimelipa elfu 25. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Kufikia usiku wa pili friji ilikuwa inatoa "tk" kila dakika chache, mwisho ikanyamaza kabisa. Nyama tumempa mlinzi.

Yote hayo ningemeza. Asubuhi ya tatu mtunza bustani amemwagilia, nyasi zimelowa, mwanangu wa miaka sita anarudi kutoka chooni peku. Anashika mlango, anauachia, anashika tena. "Baba, mlango unaniuma." Nikadhani ameparuzwa na bati. Nikagusa mimi kwa nyuma ya mkono. Nikachukua testa ya bisibisi nikaigusisha kwenye bodi: taa inawaka. Mlango wa gari langu, mwanangu peku kwenye maji.

Sikumwita mtu. Nikauchomoa waya upande wa gari na kuufuata kwenda juu, maana upande wa pili sikuwahi kuonyeshwa. Umepita chini ya ua wa michongoma, ukaungwa mara mbili kwa kusokota na kufungwa SELOTEPU, ile ya kufungia zawadi. Ukaingia dirisha la jiko. Chini ya meza ya vyombo kuna mzunguko mwingine wa waya ule ule uliobaki, umekunjwa kama kamba ya ng'ombe, umepata joto hadi plastiki zimeshikana. Na mwisho wake hauna plagi. Nyuzi mbili zimechunwa, zimetumbukizwa kwenye matundu ya soketi, na tundu la ethi limezibuliwa kwa njiti ya kiberiti. Soketi pacha yake inabeba friza la nyama la jiko zima. Uso wa soketi umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Mpishi, Mungu ambariki, ndiye aliyenieleza habari ya breka ya jikoni. Eti ya zamani ilikuwa ya ampia 20 na ilikuwa "inasumbua", ikawa inakata kila wakipika, fundi akaweka ya 32. Waya wa ukutani ni ule ule. Yaani kitu pekee kilichokuwa kinawaambia ukweli humo jikoni wamekitoa kwa sababu kina kelele.

Nimeenda mapokezi nikiwa na picha. Jibu? Bili. Soketi iliyoungua, 85,000, "kwa sababu gari lako linavuta sana". Na LUKU, umeme wao wa kulipia kabla, imekwisha haraka, kwa hiyo niongezee. Jamani tupige hesabu za darasa la nne. Kiyoyozi hakikuwaka, jagi sikulithubutu. Friji na chaja, hata nikikadiria kwa juu, hazifiki uniti 5 kwa usiku. Uniti moja kwa bei ya biashara, kodi zote ndani, haifiki shilingi 400. Wamechukua elfu 25 kwa umeme wa elfu mbili, wakaniulia friji, wakanitia shoti mtoto, halafu wananidai mimi!

Mkitaka kuuza umeme wa magari, wekeni nguzo kwenye maegesho: waya wa maana uliofukiwa, fimbo ya ethi, breka yake peke yake, soketi ya nje yenye kifuniko. Hamna hela hiyo? Basi semeni "tuna soketi moja jikoni". Nitakuja na hiyo soketi moja, nitachaji betri zangu na kuwashukuru. Mbona kwa shemeji nilikaa wiki?

NYONGEZA, saa 4 usiku: Aliyeandika kwamba Marekani watu wanachomeka magari makubwa nyumbani bila kelele, mkuu, kule soketi ya kawaida ni volti 120, ampia 15, wati 1,800 tu. Gari la soketi ya ampia 30 linahitaji mara mbili yake, kwa hiyo wakichomeka nyumbani kwa adapta nao wanazima kiyoyozi wanabaki na taa na chaja. Zamu zile zile za mke wangu. Na ukileta gari hilo hapa ukalichomeka moja kwa moja kwenye 230 utanusa matokeo. Linahitaji transfoma.

Na anayeuliza kwa nini nyama ya ndafu nilimpa mlinzi badala ya kuirudisha Kibosho: ilishakaa. Tuachane na hilo.

NYONGEZA 2: Meneja amepiga simu sasa hivi. Kafuta ile 85,000 na atarudisha hela ya usiku mmoja. Friji hataki kuisikia. Kabla hajakata akaniuliza kama ninaweza kuwaachia ule waya wangu wa mita 25, kuna mgeni mwingine anakuja kesho na gari.