Jina la biashara au kampuni? Sacco wanataka CR12, nami nafanya kazi peke yangu

DevaWaRoysambu
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijatia sahihi. Naunda programu za simu na mifumo ya biashara, kazi za kujitegemea. Hadi sasa invoisi zote zinatoka kwa jina langu na PIN yangu (namba ya mlipa ushuru) ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Nina mteja Ujerumani anayenilipa kila mwezi, wengine ni shule na maduka ya hapa Nairobi. Sasa Sacco moja (chama cha akiba na mikopo) inataka niwaundie mfumo wa mikopo, na wanadai CR12 (hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni) pamoja na cheti cha KRA kuonyesha sidaiwi ushuru. Rafiki yangu wa chuo anataka tusajili LLP (ubia wenye dhima yenye kikomo) pamoja. Wengine wananiambia kampuni itanipunguzia ushuru. Nisajili nini?

Mhasibu_wa_Ngara
Kaka, hilo la kupunguziwa ushuru usilipokee hivi hivi. Ukisajili jina la biashara, PIN inabaki yako na mapato ni yako. Unatozwa viwango vya mtu binafsi kuanzia asilimia 10, na mradi faida haizidi milioni 6 kwa mwaka, hakuna shilingi inayotozwa zaidi ya asilimia 30. Kampuni hutozwa 30 tangu shilingi ya kwanza ya faida, kisha ukijigawia gawio, asilimia 5 inakatwa tena. Katika kila 100 ya faida, mkononi inakufikia 66.50.

Unaweza kujilipa mshahara, nao hupunguza faida ya kampuni, lakini hapo umekuwa mwajiri: PAYE (ushuru wa mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba kila mwezi kufikia tarehe 9. Ile TOT (ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo) ya asilimia 3 nayo usiitegemee, maana ada za kitaalamu hazimo. Na kampuni ikichelewesha marejesho ya mwaka, faini ni 20,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa, hata kama haikupata kazi yoyote. Kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5.

Mama_Seva
Hesabu za Mhasibu ni sahihi. Ila mdogo wangu, kwa kazi hii ushuru si jambo la kwanza. Huo ni mfumo wa mikopo! Riba ikikokotolewa vibaya kwa wanachama wote, Sacco itamtafuta aliyeuunda. Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako: akiba, gari, ploti, vyote vinaweza kufuatwa na dalali wa mahakama. Mwenzangu aliyeunda mfumo wa mishahara kwa jina lake mwenyewe alidaiwa fidia kuliko malipo yote aliyopata, na ploti ikauzwa. Iliniuma sana, kwa sababu ni fundi hodari.

Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 unaweza kuwa mwenye hisa na mkurugenzi peke yako, na huhitaji katibu wa kampuni mradi mtaji uliolipwa haujafika milioni 5. Usajili ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, takriban 10,650. Lakini ukitia sahihi dhamana ya binafsi, yaani kuahidi kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa, umeivunja kinga hiyo kwa mkono wako. Pesa za kampuni zikae kwenye akaunti ya kampuni.

Kisha usome mkataba. Uwe na kikomo cha fidia, yaani isizidi malipo yako. Umiliki wa msimbo wa programu uhamie kwao wakishalipa awamu ya mwisho, si kabla. Na kwa kuwa utagusa data za wanachama, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Faini yake inaweza kufika milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Kijana_wa_Umoja
Mimi nisingehamisha kila kitu. Mjerumani abaki kwa jina lako, kampuni ichukue Sacco tu.

Mhasibu_wa_Ngara
Inawezekana, bora usivushe gharama za huku kwenda kule. Kila upande uwe na eTIMS yake (mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki) na vitabu vyake vya hesabu.

DevaWaRoysambu
Asanteni sana. Na huyu rafiki? Yeye hatungi programu, analeta wateja.

Mama_Seva
LLP inahitaji watu wasiopungua wawili, na kila mshirika hulipa ushuru wa fungu lake. Inafaa mkibeba kazi wote. Anayeleta wateja mlipe kamisheni kwa mkataba ulioandikwa. Hisa ukishampa mtu, kuzirudisha ni mpaka akubali, na urafiki unaweza kuishia hapo.

DevaWaRoysambu
Basi kampuni, peke yangu. Sacco wanataka tutie sahihi wiki hii, usajili ufuate.

Mhasibu_wa_Ngara
Hapana, wasubirishe. Ukitia sahihi kwa niaba ya kampuni ambayo bado haijasajiliwa, mkataba unakufunga wewe binafsi. Pata cheti cha usajili kwanza, uombe PIN ya kampuni, kisha tarehe ya mkataba iwe baada ya hapo.