Kazi ya lugha za nyumbani shule ya msingi: shirika, ualimu au uzamili?

Bahi_Sokoni: Wakuu, mhitimu anayetaka kuinua Kigogo, Kirangi au Kisandawe madarasa ya chini aanzie wapi: shirika, ajira ya ualimu, au uzamili wa isimu (sayansi ya lugha) Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)? Kuna watoto wilaya ya Chemba, Dodoma, wanaokutana na Kiswahili na herufi wiki ileile.

Kondoa_Juu: Mkuu, tazama sera kwanza. Karibu shule zote za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo nafasi ya "mwalimu wa Kirangi" haipo. Kilichopo ni daraja la kumvusha mtoto kwenda Kiswahili: hadithi za mdomo, vitabu vya ziada, na mwalimu wa awali anayeeleza neno kwa lugha ya mtoto kisha kulirudia kwa Kiswahili. Andiko la kitabu cha kiada cha Kirangi litakwama, maana vya kiada hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Shirika lina gari na karatasi, ila mkataba hufa na mradi.

Mwl_Mpwapwa: Ualimu unakupa darasa kila siku, na hapo ndipo utajua mtoto anakwama wapi. Tatizo ni kituo: hupangiwi kwa lugha yako. Mgogo anaweza kupelekwa Mtwara.

Irabu7: Nawapinga kidogo. Bila isimu utaharibu maandishi. Kirangi kina irabu saba, Kiswahili tano. Mbili za ziada huandikwa ɨ na ʉ. Stationari yenye fonti isiyozijua hutoa visanduku vitupu. Mbaya zaidi ni mchapaji anayeweka i ya kawaida, kwa sababu kosa halionekani na maneno mawili yanageuka moja. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, toa nakala moja, ipitie kwa kidole mstari kwa mstari. Kisandawe nacho kina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi; usikiguse bila mzawa kando yako.

Kondoa_Juu: Hapo sina ubishi. Niongeze kitabu cha majaribio: A4 nne zikikunjwa katikati na kuchapwa pande zote ni kurasa 16. Idadi igawanyike kwa 4, la sivyo kurasa tupu zinabaki mwishoni. Sentensi moja kila ukurasa, maneno matano au sita. Msikilize mtoto mmoja mmoja, darasa zima likiimba pamoja halikuambii kitu. Watatu wakikwama neno lilelile, badilisha neno.

Mwl_Mpwapwa: Na vibali jamani. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kwa afisa elimu msingi, ndipo mwalimu mkuu. Utafiti nao una kibali chake. Ukivamia shule utarudishwa getini, na mwalimu mkuu atakuwa na haki. Hadithi za wazee zikusanywe Juni hadi Agosti baada ya mavuno. Januari wako shambani na njia za Chemba ni tope.

Bahi_Sokoni: Asanteni sana. Mkilazimika kupanga?

Irabu7: Fundisha darasa la awali miaka miwili, kisha uzamili, shirika mwisho. Ila chagua lugha moja tangu sasa, na daftari la maneno lianze leo.