Eti "ukizima taa unaona rangi gani?" Yule muuzaji mnayemjua leo kanivuruga!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, sijamaliza hata saa moja tangu nitoke kwake. Jina simtaji, wote mnamjua, ni yule yule wa "mzigo uko njiani bosi".

Miezi minane nimetafuta iMac, ile kompyuta ya Apple, ya 1999 rangi ya chenza. Si chungwa, CHENZA. Ni zile rangi tano zilizotoka Januari mwaka ule: bluberi, stroberi, zabibu, ndimu na chenza. Jamaa akanitumia picha ya seti kamili, mashine, kibodi na kile kipanya cha duara, vyote chenza. Nikalipa yote kwa mkupuo.

Leo kasha linafunguliwa palepale kwenye meza yake. Mashine chenza, safi, plastiki inapitisha mwanga mpaka unaona vivuli vya vyuma ndani. Kibodi chenza. Kipanya NDIMU! Kijani! Kimelala pale kama chura aliyevamia bakuli la machenza.

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Bosi, mbona kipanya cha kijani?" Akanipandisha na kunishusha mbele ya wateja, akasema: "Kwani ukizima taa unaona rangi gani?"

Watu wakacheka. Mpaka mtoto aliyekuja na mama yake akacheka.

Ukizima taa! Nani ananunua kompyuta ya rangi ili akae nayo gizani? Na hiyo kompyuta yenyewe si ina kioo cha inchi 15 kinachowaka? Hilo giza nitalionaje?

Kabla ya 1998 kompyuta za nyumbani karibu zote zilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, ukipata mgeni unaifunika kitambaa. Ikaja iMac ya kwanza, ile ya bluu ya Bondi, jina la ufukwe wa Sydney, watu wakaiweka katikati ya sebule. Ilikuwa imeacha tundu za zamani za kuchomeka vifaa na kisoma-disketi, inataka USB, kwa hiyo kila mtu akatafuta vifaa vipya, na watengenezaji wa printa na visoma-disketi wakakimbilia plastiki ya bluu ileile ipitishayo mwanga. Wale walijua mteja anataka vifanane! Huyu wetu ananiambia nizime taa.

Nimeomba anibadilishie, akasema "vipanya vyote vinabofya". Sawa, vinabofya. Lakini hilo la taa sitalisahau mpaka nazikwa.

Waya Mrefu: Pole mkuu. Ni yeye, hata hujamaliza sentensi ya kwanza nimeshamjua. Mimi aliniuzia spika za zabibu, moja zabibu, nyingine bluberi. Akasema "ziweke mbalimbali".

Mzee wa Disketi: Miezi minane unatafuta kipanya kile cha duara? Mkuu, kile kilikuwa adhabu. Ukikishika hujui mbele wapi nyuma wapi, unasukuma juu mshale unakwenda pembeni. Kakusaidia, nunua cha kawaida.

Mleta uzi: Mzee, sijauliza kama kinashikika. Nimelipia CHENZA. Kazi zangu nitafanya na kipanya kingine, hicho ni cha kukaa pale na wenzake. Halafu aniambie nizime taa!

Bi Kioo: Namuunga mkono mleta uzi. Anayesema rangi ni utoto akumbuke mwaka huohuo 1999 Apple iliwapeleka mahakamani kampuni ya eMachines kwa kutoa kompyuta ya bluu inayofanana na yao. Kama rangi na umbo si kitu, mahakamani walikwenda kufanya nini?

Kitufe: Dada, afadhali hata yeye kapata kipanya. iMac za 2021 zilikuja rangi saba, na kibodi na kipanya cha rangi yake vilikuwa ndani ya kasha tu, dukani havikuuzwa peke yake. Mdogo wangu ana ya zambarau, kamwagia kibodi chai. Sasa anatumia nyeupe. Ukiingia chumbani unaiona hiyo nyeupe kabla hujamwona yeye.

Fundi Feni: Nyie mnalilia vipanya. Mimi nimejenga mashine nyeupe tupu, kasha jeupe, waya nyeupe, feni nyeupe. Kadi ya michoro ikaja nyeusi. Nimekaa nayo wiki, kila nikipita naona jino lililooza.

Waya Mrefu: Fundi, si uiwashie taa za rangi?

Mleta uzi: MSINITAJIE TAA.

Mzee wa Disketi: Hahaha! Zima basi.

Jirani wa Printa: Samahani kuingilia. Kama ni mambo ya rangi, printa yangu imegoma kuchapa barua. Herufi nyeusi tupu, hakuna picha. Inadai samawati imeisha! Samawati ya nini kwenye barua nyeusi?

Bi Kioo: Usinikumbushe! Yangu inafanya hivyohivyo. Wizi wa mchana.

Kitufe: Ingine inachanganya rangi ndani ya nyeusi, ndiyo maana. Angalia kwenye mipangilio, chagua nyeusi peke yake.

Jirani wa Printa: Nimechagua. Imegoma.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kipanya changu. Nani ana cha chenza tubadilishane na hiki cha ndimu?

Fundi Feni: Mkuu subiri kidogo. Jirani, umejaribu kuichomoa hiyo katriji ukairudisha?

Jirani wa Printa: Nimeichomoa na kuirudisha. Sasa inasema na njano imeisha.