Kempu ya sanaa ya watoto hapa Bagamoyo: nimeuziwa mchoro ambao sio wa mwanangu!!

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na mtanisamehe nikikosea maandishi, tangu juzi jumamosi nina hasira ambazo hazishuki na mume wangu kashachoka kunisikiliza, kaniambia kawaambie watu wa mtandaoni, basi ndo nimekuja.

Mi mkazi wa Bagamoyo, nimezaliwa hapahapa nimekulia Dunda. Binti yangu ana miaka mitano yuko awali. Likizo hii ya mwezi wa sita nikaona asikae kutwa na katuni, na kwenye stetasi ya shoga yangu nikakuta tangazo, kempu ya sanaa ya watoto wa miaka minne mpaka tisa, wiki mbili, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, watafundishwa kuchora, ufinyanzi, ngoma za asili, hadithi na kusuka ukili. Hapo kwenye ukili ndo niliponasa mwenzenu. Bibi yake anasuka mikeka mpaka leo, nikasema mtoto akirudi hata anajua kushika miyaa tu basi watakuwa na kitu chao wawili pale barazani jioni.

Kabla sijafika mbali, jina lao silitaji, ila nisingependa mtu aanze kubahatisha. SIO TaSUBa, yaani kile Chuo cha Sanaa cha hapa Bagamoyo. TaSUBa hawahusiki hata kidogo msije mkawachafua watu bure. Hawa wamepanga nyumba, wamepaka ukuta rangirangi, wametundika bango, wana ukurasa Instagram wenye picha za watoto wanaocheka, basi.

Hela sasa. Ada 150,000. Vifaa 20,000. Fulana 15,000. Jumla 185,000 na hiyo kwangu ni hela ya mchezo (upatu) niliyopokea mwezi wa tano, nilikuwa nimeipangia kubadili friji la gengeni. Nikasema friji litasubiri.

Wiki ya kwanza kila akirudi namuuliza mama leo mmefanya nini, ananijibu tumepaka rangi. Nikafurahi. Siku ya tatu nikafungua begi. Wakuu ni FOTOKOPI. Zile za steshenari za shilingi mia, binti mfalme wa kizungu nywele mpaka kiunoni, mtoto kazi yake ni kujaza rangi ndani ya mistari na akitoka nje ya mstari anaandikiwa "rudia" kwa peni nyekundu. Yaani mtoto wa miaka mitano, kwenye kempu ya SANAA, anaandikiwa rudia. Krayoni wanagombania, boksi moja meza nzima, ile elfu ishirini ya vifaa sijui iliyeyukia wapi.

Na ngoma je? Akaniambia ipo moja, anti kaiweka juu ya kabati, kasema tusiiguse itapasuka. Itapasuka!! Ngozi ya ngoma inawambwa, inapashwa motoni mpaka ilie vizuri, inapigwa kwenye mdundiko njia nzima na wanaume wenye viganja kama makasia, leo ije ipasuliwe na mtoto aliyeng'oka jino la mbele wiki iliyopita? Badala yake wanawashiwa spika wanacheza amapiano, anko mmoja anarekodi, jioni tunaziona Instagram zimeandikwa "watoto wetu wakijifunza utamaduni". Na hii ni Bagamoyo jamani sio sehemu ambayo mwalimu wa ngoma hapatikani. Chuo cha Sanaa kipo hapa tangu 1981, mzee Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, kaja toka Ugogo kaishi hapa mpaka anafariki 2003, ule ukumbi wa chuo ulivyoungua 2002 nilikuwa darasa la tatu na nakumbuka wazee wanalia kama kuna msiba. Ukirusha jiwe mji huu linampata mtu anayejua kupiga ngoma. Wao wameleta spika.

Ufinyanzi hawakufanya. Ukili hawakufanya, niliambiwa mwalimu kaugua. Chakula waliahidi, kilikuwa biskuti na juisi ya pakiti. Hayo naruka.

Ila hili la pwani siliruki. Alhamisi wiki ya pili nipo gengeni napigiwa simu na mama mmoja muuza samaki, mwanae hayupo hata kwenye hiyo kempu, ananiambia we mama nanii mwanao nimemuona huku chini maji yanamfika magotini. Wamewapeleka watoto 31 kuokota kombe za kupambia, watu wazima wawili, mmoja yupo kwenye simu, na saa hiyo maji yanajaa. Mzazi hata mmoja hakuambiwa. Sisi watu wa pwani tunajua maji yakianza kujaa hayakusubiri uhesabu watoto. Nilifika na bodaboda nikiwa na aproni ya mafuta, naulizwa "dada mbona unakuja kwa hasira?" Nilimchukua mwanangu nikaondoka, na kosa langu nililofanya kesho yake nikamrudisha kwa sababu alilia, alisema anataka kumaliza mchoro wake.

Huo mchoro sasa.

Jumatano ya hiyohiyo wiki mtoto alirudi ananuka rangi ya mafuta, ipo kwenye vidole, ipo kwenye nywele, na wamemfuta na mafuta ya taa mpaka mikono imekuwa myekundu. Kichwa kinauma usiku kucha. Nikapiga simu, yule mama mwenye kempu akanijibu kwa upole wa kuudhi, mama nanii hizo ni rangi za Tingatinga ndo zilivyo. Najua ndo zilivyo! Edward Tingatinga alianza kuchora vile Dar 1968, rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, lakini alikuwa MTU MZIMA. Hizo rangi hazitoki kwa maji, zina harufu inayopanda kichwani, huwezi kufungia watoto wadogo 31 kwenye chumba chenye dirisha moja ukawapa hiyo kisa unataka picha zing'ae. Rangi za maji zipo madukani tele.

Pamoja na kichwa kuuma, usiku ule mtoto alikuwa na furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Kachora mbuzi. Bibi yake ana mbuzi mmoja mkorofi ambaye mwezi wa nne alikula kanga ya bibi kwenye kamba, nusu nzima na maneno yake, na hiyo ndo hadithi anayoipenda kupita zote. Akanisimulia mbuzi kampaka zambarau, kanga inaning'inia mdomoni, bibi nyuma kashika mwiko. Nikamuuliza miguu umemuwekea? Akasema ndio, sita. Mbona sita? Akaniangalia kama mi ndo sina akili, "mama si alikuwa anakimbia".

Wakuu nilicheka mpaka nikamuita baba yake aje asikie. Mbuzi ana miguu sita kwa sababu anakimbia. Hiyo huwezi kumfundisha mtu, anazaliwa nayo na akikua inapotea.

Jumamosi ndo siku ya maonesho, wazazi tumevaa, bibi kavaa kanga mpya kaja na mkoba wake. Mlangoni kuna meza, unalipia 10,000 kwanza ya mchoro wa mwanao na fremu ndo unaingia kuuchukua. Nikalipa, ungekuwa wewe ungekataa? Tunaingia ndani, ukutani TWIGA. Twiga thelathini na moja. Twiga yuleyule, shingo ileile imepinda kushoto, mti uleule, jua lilelile, vidoti vyeupe vimepangwa kama umepigia rula, tofauti ni jina tu pale kwenye kona. Wazazi wengine wanapiga selfi, wanasema mashallah wanangu wana vipaji. Kuna mtoto wa miaka minne ambaye hajui kufunga kiatu na twiga wake ana kope.

Binti yangu akasimama chini ya lile lenye jina lake akaangalia weeee, akanivuta gauni akasema kwa sauti ndogo "mama hii sio yangu".

Nikamfuata mwenye kempu, taratibu wallahi, bibi shahidi. Nikamwambia dada, huyu wangu alichora mbuzi. Akanivuta pembeni kama ananipa siri ya ndoa, "mama nanii ile ya kwake haikutoka vizuri, tukaona isije ikamtia aibu mbele ya wageni". Aibu ya nani? Mtoto alikuwa anaona aibu? Mtoto alikuwa anamsubiri mbuzi wake amuoneshe bibi! Yule anko wa kurekodi naye maskini hajui kudanganya, akaropoka kwamba twiga wamechora yeye na mwenzake usiku mbili mfululizo, ijumaa watoto wakaitwa mmojammoja kuweka vidoti viwili vitatu. Nikasema sawa, nipeni mbuzi wangu twende. Wakaangaliana. Anko akasema "zile za mwanzo tulifutia brashi".

WALIFUTIA BRASHI.

Hapo ndo nilipoanza kupayuka na sijutii. Walionirekodi rusheni tu.

Nilidai 10,000 yangu ya mchoro, nikaambiwa fremu ni gharama. Jioni nikaandika kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, sentensi mbili tu, waulizeni watoto wenu nani kachora twiga. Haikupita hata robo saa nikatolewa. Baba mmoja akanifuata inboksi ananiambia dada umetuharibia siku, mwanangu anafurahia twiga wake. Mwanao anafurahia twiga wa anko, baba.

*Naongeza kidogo maana naona maswali*

Anayesema nina makuu, mtoto wa miaka mitano anajua nini kuhusu sanaa. Mtoto wa umri huo anachora mtu kichwa kikubwa na mikono imetokea mashavuni, ndivyo wanavyochora, na ukimuuliza kila mstari anao sababu yake. Mi sikulipa 185,000 niletewe pambo la ukutani, twiga wa hivyo wapo wamejaa kwenye maduka ya watalii na waliochora ni mafundi wa kweli. Mi nililipa yeye afanye. Hata angerudi na karatasi yenye doa moja ningeibandika kwenye friji, lilelile bovu.

Aliyeuliza kama wamesajiliwa, niliuliza hilo. Jibu lilikuwa "sisi sio kituo sisi ni kempu". Sasa mtu anayekaa na watoto wa watu wa miaka minne kuanzia saa mbili mpaka saa nane kwa malipo ni nini kama sio kituo? Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Hela naweza kusamehe nikiamua, yale ya pwani sisamehi, na nawaomba wazazi wenzangu ambao mlikuwa mnanikonyeza tu pale ukumbini mjitokeze, maana niliwaona nyuso zenu mlivyosikia neno brashi.

Anayeshauri nimrudishie moyo mtoto kwa kumnunulia rangi, nimeshanunua, za maji, pakiti ya rangi kumi na mbili. Jana kakaa barazani na karatasi nusu saa hajaweka hata nukta. Nikamuuliza vipi mama, akaniuliza mbuzi ana miguu mingapi. Bibi yake akamjibu kabla yangu, "inategemea, yuko wapi saa hizi?" Akafikiri. Akasema amelala. "Haya basi huyo hana haja ya miguu." Akaanza kuchora. Mi nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Kesho asubuhi nipo kwa afisa ustawi wa jamii pale halmashauri, risiti za malipo ya simu ninazo zote na namba ya muuza samaki ninayo. Nitaleta mrejesho. Na anayemtaka twiga mwenye jina la mwanangu kwenye kona aje amchukue bure, ila asubiri kidogo kwa sababu kwa sasa bibi kamfunikia ndoo ya maji ya kunywa.