Tupeane uzoefu: mlichaguaje kiegemeo cha kidevu cha fidla kisichowaumiza?

Mwanzisha mada

Ndugu wapiga fidla, salaam. Fidla nyingi zinazouzwa kwetu hutoka kiwandani zikiwa tayari zimefungwa kiegemeo cha kidevu, nasi hukichukulia kama sehemu isiyobadilika ya ala, ilhali kinafunguliwa kwa dakika chache na kufungwa kingine. Fidla ilipigwa bila kifaa hiki kwa zaidi ya karne mbili, hadi Louis Spohr, mpiga fidla na mtunzi wa Ujerumani, alipokibuni yapata mwaka 1820. Naomba kila atakayechangia aeleze shingo na taya lake lilivyo, kwa kuwa sifa za kiegemeo pekee hazimsaidii mtu mwenye umbo tofauti.

Nianze mimi. Shingo yangu ni ndefu, na mwalimu wangu wa kwanza aliniagiza niinue kiegemeo cha bega, kile kinachofungwa chini ya fidla, hadi kidevu kifike. Kidevu kilifika kweli, lakini fidla nzima ilipanda, mkono wa kulia ukalazimika kupanda nayo kila nilipopiga uzi mnene, na bega likawa linauma baada ya mazoezi. Baadaye fundi mmoja alinisimamisha nikitazama mbele, akapima kutoka kwenye mtulinga hadi chini ya mfupa wa taya, akatoa unene wa fidla, kisha akanitafutia kiegemeo cha kidevu kirefu zaidi na kukishusha kile cha bega. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba urefu wa shingo uzibwe kwanza juu ya fidla, chini yake pabaki pengo dogo tu.

Mchangiaji wa Nairobi

Nakubaliana nawe kuhusu kimo, ila kwangu tatizo lilikuwa umbo. Nina shingo fupi na taya pana. Kiegemeo cha aina ya Guarneri, ambacho sahani yake hukaa kushoto kwa kipande kinachoshikilia nyuzi, kilikuwa na ukingo uliochomoza na kunichoma chini ya mfupa. Watu walinishauri nikivalishe sponji, lakini sponji huongeza kimo, na mwenye shingo fupi hana nafasi ya kuongeza chochote. Nilijaribu aina ya Flesch, inayokaa katikati, nikachagua ile isiyo na nundu. Kichwa sasa kinatazama mbele bila kupinda, ingawa fidla imehama kidogo kwenda kushoto. Mikono yangu ni mirefu, hivyo sikusumbuka. Mwenye mikono mifupi avute upinde hadi ncha yake kabla hajalipa.

Mchangiaji wa Unguja

Sisi wa taarabu hupiga tukiwa tumeketi, nyimbo ni ndefu, na kumbi za harusi zina joto. Jasho ndilo lililonifundisha kuchagua. Nilikuwa natokwa na vipele chini ya taya, nikidhani ni mbao, kumbe vilikuwa vinafuata mstari wa kibanio cha chuma kinachoshikiza kiegemeo kwenye fidla. Daktari wa ngozi alieleza kuwa baadhi ya watu hudhurika na nikeli iliyomo katika vyuma vya namna hiyo. Nilibadilisha kibanio tu, nikaweka cha titani, na mbao ikabaki ileile. Leso nyembamba ya pamba naitandika bado, kwa ajili ya jasho.

Fundi wa ala, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Niongeze upande wa ufungaji, maana kiegemeo kizuri kilichofungwa vibaya hakina raha. Chini ya miguu yake lazima pawe na koki nzima (lile gome laini la vizibo vya chupa), skrubu zikazwe kwa zamu kidogo kidogo, na ziishie pale ambapo kiegemeo hakisogei kwa mkono. Kikilegea kinavuma pamoja na nyuzi, na kikikazwa kupita kiasi kinaweza kuupasua ubavu wa fidla, hasa zile aina zinazobana pembeni, mbali na kigogo cha ndani kilicho mwishoni mwa fidla. Zile zinazobana karibu na kigogo hicho huwa salama zaidi. Hakikisheni pia kwamba hakigusi kipande kinachoshikilia nyuzi. Kuhusu aina ya mbao, msihangaike sana; ulaini wa umaliziaji ndio unaosikika shingoni.

Mzazi, Arusha

Marahaba, fundi. Mwanangu anatumia fidla ya nusu, yaani ya kipimo cha watoto. Je, nimnunulie cha watu wazima ili akue nacho?

Fundi wa ala, Dar es Salaam

Hapana, mama. Cha watu wazima kitakuwa kikubwa kwa ubavu wa fidla ya nusu na hakitabana vizuri. Mnunulie cha kipimo hichohicho, kisha umpime tena shingo siku atakapohamia fidla ya robo tatu.